Chuo cha Njoro na Lango Lake

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru



Nimeamriwa na Halmashauri niseme mbele yenu habari za Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro, mwendo mfupi kutoka mji huu wetu wa Nakuru. Amri hiyo haikuja bure. Katika mkutano wa mwaka uliopita, tulipofikia hesabu ya Mfuko wa Elimu, mzee mmoja ambaye heshima yake ni kubwa kwetu sote alisimama akauliza: "Kila mwaka twapeleka fedha Njoro. Je, chuo hicho ni cha nani?" Swali lile halikujibiwa siku ile, kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kushuka na akina mama walikuwa wamekwisha kupakua chakula. Lakini halikusahauliwa. Leo tutapiga kura kama Mfuko wa Elimu uendelee, au fedha zake zihamishiwe katika Mfuko wa Mazishi, na Halmashauri imeona si haki mtu apige kura juu ya jambo asilolijua asili yake.

Nataka nikiri mapema kwamba mimi si msomi wa chuo hicho, wala wa chuo kikuu chochote. Nilisoma katika shule ya misheni hadi kidato cha nne, nikapata alama za kutosha, na barua ya kuitwa chuoni nikaipokea kwa mkono wangu. Karo haikupatikana. Barua ile ingali katika sanduku la mama yangu, imekunjwa pamoja na cheti changu cha ubatizo. Nayasema haya ili msidhani kwamba nawatetea watu walionilisha, na pia ili mjue kwamba katika neno hili mimi si hakimu asiye na upande.

Basi na tuanze na ardhi, maana huko ndiko mambo ya nchi hii huanzia.

Mwaka 1939, Mwingereza mmoja aitwaye Maurice Egerton, Lord wa nne wa Tatton, alitoa ekari 740 za ardhi huko Njoro ili iwepo shule ya ukulima. Alikuwa tajiri wa ukoo mkubwa wa Cheshire, Uingereza. Katika ujana wake alikuwa mmoja wa watu wa kwanza wa nchi ile kurusha ndege. Shule hiyo iliitwa Egerton Farm School, na kusudi lake lilitajwa wazi bila kufichwa: kuwaandaa vijana wa Kizungu wapate kuwa wakulima katika nchi hii. Mwaka huo huo wa 1939 ilitolewa huko London amri iliyoweka mipaka ya Nyanda za Juu, zile ambazo wazee wetu waliziita ardhi ya Wazungu. Sidai kwamba Lord Egerton ndiye aliyeitunga amri ile. Lakini mambo haya mawili yalizaliwa mwaka mmoja, na yafaa kutazamwa pamoja: amri moja ikasema nani atamiliki shamba, na shule moja ikasema nani atafundishwa kulilima.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la Mzungu mmoja upande ule. Kila siku aliipeleka mitungi ya maziwa kwa gari la ng'ombe hadi stesheni ya reli ya Njoro, na mara nyingine alipelekwa na barua au mbegu hata kwenye lango la ile shule. Langoni alizitoa, akangoja, akarudi. Hakupata kuingia ndani hata siku moja. Alikuwa akitusimulia habari hizi huku akicheka, maana alisema hajapata kumwona Mzungu aliyeshika jembe kwa mkono wake kuanzia asubuhi hadi jioni, ila shule ya jembe wanayo wao. Sisi watoto tulicheka pamoja naye. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu kwamba hakuwa akicheka kwa furaha.

Wala isidhaniwe kwamba Waafrika hawakufundishwa ukulima popote. Huko magharibi, Bukura, Waafrika walikuwa wakifundishwa kazi za shamba tangu miaka ya 1920. Lakini mafunzo yale yalikuwa ya kumwezesha mtu kuelekeza wenzake katika maeneo waliyotengewa, si ya kumfanya awe mwenye kusimamia shamba kubwa la ngano au la ng'ombe wa maziwa. Kulikuwa na ngazi mbili za elimu ya ukulima katika nchi moja, na mtu wa ngazi ya chini hakuonyeshwa mahali ngazi ya juu ilipoegemezwa.

Mwaka 1950 shule ile ilipandishwa daraja ikawa chuo cha ukulima, chenye mafunzo ya mwaka mmoja ya cheti na ya miaka miwili ya stashahada. Mwaka 1955 kikaitwa Egerton Agricultural College. Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, ambayo baadhi ya wazee waliomo humu ndani waikumbuka kwa miili yao, nami sina haja ya kuwaeleza. Lakini katikati ya taabu zile serikali ya wakati ule ilikuwa imeanza kubadili mwenendo wake wa ukulima. Mwaka 1954 ilitolewa mipango iliyoandikwa na Bwana Swynnerton wa idara ya kilimo, ya kumpa mkulima Mwafrika hati ya shamba lake, kumruhusu apande kahawa na mimea mingine ya kuleta fedha, na kumpa ng'ombe wa damu bora. Nia ya mipango ile ilikuwa na siasa ndani yake, wala hakuna asiyejua. Hata hivyo ilileta hesabu ambayo haikuweza kukwepwa: wakulima wenye hati wakiwa maelfu na maelfu, ni nani atakayewafundisha? Vijana wachache wa Kizungu wa Njoro hawangetosha, hata kama wangetaka.

Mwaka 1958 Lord Egerton aliongeza ekari 1,100 juu ya zile za kwanza, na mwaka huo huo akafariki. Hakuoa, wala hakuacha mtoto. Cheo cha ukoo wake kikafa pamoja naye, na nyumba yao kubwa ya Uingereza ikaingia mikononi mwa jumuiya ya kuhifadhi mali za taifa. Ni katika wakati ule lango la Njoro lilipofunguliwa kwa watu wa rangi zote, wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika.

Hapa naomba ruhusa yenu niende kando kidogo. Kuna watu wasemao kwamba tumshukuru Lord Egerton, na kuna wengine wasemao kwamba jina lake lifutwe pale langoni. Mimi sikubaliani na pande zote mbili. Alitoa ardhi, hilo ni kweli. Lakini ardhi ile ilikuwa imetoka wapi kabla haijawa yake ya kutoa? Na kama jina lingefutwa, watoto wetu wangejuaje kwamba palikuwa na lango lililofungwa? Jina libaki. Kule Ngata yako majengo aliyojijengea, ambayo watu huyaita ngome, yenye vyumba vingi kuliko aila yoyote iliyomo humu ingeweza kujaza. Husimuliwa kwamba aliyajenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa, na kwamba baada ya hapo hakutaka mwanamke akanyage mlangoni pake. Masimulizi ya mapenzi ya matajiri hunenepa kila yanaposimuliwa, basi nayaacha hapo. Lakini ngome ile leo ni mali ya Chuo, wageni hulipa kiingilio waitazame, na mwaka 2016 Profesa Rose Mwonya aliwekwa kuwa Naibu Chansela, mwanamke wa kwanza kukiongoza Chuo hicho. Mama yangu alipoyasikia hayo alisema neno moja tu: "Mungu huandika polepole."

Narudi njiani. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mashamba makubwa ya Nyanda za Juu yalikuwa yameanza kununuliwa na kugawiwa kwa ajili ya makazi ya Waafrika, kwa mpango ulioanza mwaka 1962 na kuitwa wa ekari milioni moja. Watu waliokuwa vibarua au wasikwota wakawa wenye mashamba. Wengi walijua kukamua na kulima, lakini mambo ya deni la benki, dawa ya kupe, mbegu iliyothibitishwa na ng'ombe wa kizungu asiyestahimili magonjwa yetu yalikuwa mageni kwao. Pale ndipo stashahada ya Egerton ilipoonekana faida yake. Vijana walihitimu Njoro katika ukulima, ufugaji, ufundi wa mitambo ya shamba, uchumi wa nyumbani na kazi za maziwa, wakatawanywa katika wilaya zote. Mabwana shamba hao ndio ambao wengi wetu tuliwaona wakija kwa baiskeli, na baadaye kwa pikipiki, wamevaa kofia na kubeba daftari.

Nitawaambia niliyoyaona mwenyewe, ili isionekane kwamba nasoma vitabu tu. Baba yangu alikuwa na kipande cha shamba huku juu, upande wa Mau, na zao lake lilikuwa viazi. Nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi, viazi vyake vilianza kunyauka mchana hata kama mvua ilikuwa imenyesha. Majani yalikuwa mabichi bado, lakini yamelegea kama ya mmea uliong'olewa. Majirani walisema ni uchawi, na mmoja alitajwa jina. Akaja bwana shamba, mtu aliyesoma Egerton. Hakusema lolote juu ya uchawi. Alikata shina la kiazi karibu na udongo, akaomba glasi ya maji safi, akalining'iniza shina lile ndani ya maji bila kulitikisa. Tukangoja. Baada ya muda mfupi uzi mweupe kama maziwa ulianza kushuka kutoka katika shina, ukaenda hadi chini ya glasi. Akasema: "Mzee, ugonjwa wako ni huo hapo. Ni vijidudu vilivyomo ndani ya shina, navyo vimo udongoni na katika mbegu unayoiweka akiba."

Alimwambia baba asipande tena viazi katika shamba lile kwa misimu kadhaa, wala nyanya, maana ni ndugu wa viazi na huugua ugonjwa ule ule. Apande mahindi au ngano. Asichukue mbegu kutoka shamba lililougua. Ang'oe mashina yaliyonyauka pamoja na udongo wake na kuyatupa mbali. Na aoshe jembe kabla ya kulipeleka shamba jingine. Hakuna dawa ya kunyunyiza, alisema, na atakayekuuzia dawa ni mwizi. Baba alikasirika, maana hakuna mkulima apendaye kuambiwa aache zao lake. Lakini alitii. Na yule jirani aliyetajwa jina hakufanyiwa neno lolote baya. Wazee wangu, mimi nimeyahesabu mambo haya mara nyingi: glasi moja ya maji iliokoa shamba, na yamkini iliokoa mtu.

Mabwana shamba wa namna ile wamepungua sana. Katika miaka ya 1990 serikali iliacha kuajiri kwa wingi kama zamani, kwa shauri la wale waliokuwa wakiikopesha, na desturi ya kumtembelea mkulima shambani kwake ikafifia. Hilo halikuwa kosa la Chuo. Lakini ni jambo la kukumbuka tunapomwambia kijana akasome kilimo: zamani alimaliza masomo akakuta kazi ikimngoja, siku hizi humaliza akaanza kuitafuta.

Sasa niseme habari za kuwa chuo kikuu, nazo nitazipitia upesi. Mwaka 1979 chuo kilianza kupanuliwa sana kwa msaada wa serikali yetu na ya Marekani. Mwaka 1986 kikafanywa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 Bunge likapitisha sheria ya kukifanya chuo kikuu kamili, cha nne katika vyuo vikuu vya umma vya nchi hii, baada ya Nairobi, Moi na Kenyatta. Profesa Richard Musangi ndiye aliyekuwa Naibu Chansela wa kwanza. Mara tu baada ya hapo yakaja mafuriko: mwaka 1990 wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 waliingia vyuo vikuu, na mahali palipojengwa kwa mamia pakatakiwa kupokea maelfu.

Chuo kikapanuka kwa masomo na kwa mahali. Mbali na ukulima pana elimu ya ualimu, sayansi, uhandisi, biashara, sheria, mazingira, tiba ya mifugo, na udaktari wa watu, ambao wanafunzi wake husomea hapa hapa Nakuru mjini na kujifunzia kazi katika hospitali yetu kubwa. Mwanachama aliyelazwa pale miaka ya karibuni yawezekana alipimwa na kijana wa Egerton bila kujua. Matawi yake ya Laikipia, Kisii na Chuka yamekwisha kukua na kuondoka nyumbani: yote matatu yalipewa hati zao mwaka 2013 yakawa vyuo vikuu vyenye kujitegemea. Chuo kilichozaa vyuo vitatu si kidogo, ingawa mama aliyezaa sana hubaki amechoka.

Lakini ukulima ndio moyo wake hata leo. Walimu wake wametoa aina za maharagwe zinazolimwa na wakulima, kati yake Chelalang, Tasha na Ciankui. Nawaomba myasikilize majina hayo kwa makini, maana si majina ya kigeni; ni majina ambayo mama sokoni aweza kuyatamka na kuyakumbuka. Wameshughulika na dengu kwa ajili ya sehemu kavu. Wana kiwanda chao cha maziwa kiitwacho Guildford, ambamo mwanafunzi hujifunza kutengeneza maziwa ya mtindi kwa mikono yake. Wameuchunguza Mto Njoro, ambao hutoka katika msitu wa Mau, ukapita katika ardhi ya Chuo, ukaishia Ziwa Nakuru. Mto huo ni daftari la matendo yetu. Msitu ulipokatwa huko juu, hasa baada ya sehemu kubwa ya Mau ya mashariki kuondolewa katika hifadhi mwaka 2001, maji yalipungua wakati wa kiangazi na tope likaongezeka wakati wa mvua, na wanaokaa bondeni ndio tunaolipa.

Bwana Mwenyekiti, sitakuwa mkweli nikisema mazuri tu. Mzee aliyeuliza swali mwaka jana alikuwa na sababu zake, nami nazijua mbili.

Ya kwanza ni fedha. Chuo kimekuwa katika dhiki kubwa ya madeni. Kwa miaka mingi vyuo vikuu vyetu vilikuwa vikipokea wanafunzi wa kujilipia, na karo yao ndiyo iliyojenga majengo na kulipa walimu wa ziada. Mwaka 2016 mitihani ya kidato cha nne ilipoanza kusimamiwa kwa ukali, waliopata alama ya C+ na kupita walipungua karibu nusu, na chemchemi ile ikakauka. Walimu wa Egerton wamecheleweshewa mishahara, na mwaka 2021 waligoma kwa ajili hiyo. Mwanachama aweza kuuliza: kwa nini tumimine maji katika mtungi unaovuja? Jibu langu ni kwamba Mfuko wetu hautoi hata shilingi moja ya kulipa madeni ya Chuo. Tunamlipia mtoto wa mwanachama, tena kwa risiti yenye jina lake. Chuo kikiwa na shida, mtoto huchelewa kumaliza, na hilo ni hasara kweli. Lakini mtoto aliyebaki nyumbani hachelewi tu, haanzi.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na watu huinong'ona badala ya kuisema. Ni neno la "chao" na "chetu". Kila upande wa nchi umekuja kukiona chuo kikuu kilicho karibu kuwa mali ya watu wa pale, na kila mkubwa anapobadilishwa watu huhesabu jina lake ni la kabila gani kabla ya kuhesabu vyeti vyake. Njoro na Molo zimeona moto mwaka 1992, mwaka 1998 na mwanzo wa mwaka 2008. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na baadhi ya aila za Chama hiki zililala katika viwanja vya makanisa. Siwezi kumlaumu mzee aliyeyaona hayo akiuliza chuo ni cha nani. Lakini nimeitazama sheria na historia, nami naona hivi: chuo kile kilikuwa cha kundi moja la watu mara moja tu, nayo ni ile miaka kutoka 1939 hadi kilipofunguliwa, na babu zetu wote bila kujali kabila walisimama upande mmoja wa lango. Hawakuulizwa lugha zao. Walikuwa wote nje. Kukigeuza leo kuwa cha watu fulani ni kulirudisha lile lango, na kulilinda kwa ajili ya mtu ambaye amekwisha kufa bila mrithi.

Sasa lango lililobaki ni karo. Katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, aliyefika chuo kikuu alisomeshwa na kulishwa na serikali. Tangu mwaka 1991 wazazi walitakiwa kuchangia, na mwaka 1995 Bunge likaweka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile tuiitayo HELB. Mwaka 2023 ukaja mfumo mpya unaowapanga wanafunzi katika makundi kwa kadiri ya uwezo wa nyumbani kwao, kila kundi na kipimo chake cha msaada na mkopo. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, na uamuzi ule nao ukakatiwa rufaa. Wakubwa wakishindana mahakamani, mtoto wa mwanachama amekaa nyumbani na barua mkononi, hajui amewekwa kundi gani wala kwa nini jirani yake mwenye lori amewekwa kundi la maskini kuliko yeye. Mimi karani nimejaza fomu za namna hiyo kwa ajili ya watoto wa watu wengi humu. Nimeona mjane ameulizwa juu ya kipato cha mume aliyekwisha kuzikwa.

Kwa hiyo Halmashauri haiombi Mfuko uendelee kama ulivyokuwa. Inakiri makosa. Tumekuwa tukimpa kila aombaye kidogo kidogo, hata hakuna aliyesaidika kwa kweli. Tumempa mtoto nauli ya kwenda chuoni bila kumpa kitu cha kukaa huko. Hoja iliyo mbele yenu yasema hivi: kuanzia mwaka huu Mfuko ulipe kwanza zile fedha za mwanzo, yaani za kuandikishwa na chumba cha muhula wa kwanza, kwa sababu ni hapo ndipo wengi huanguka kabla mkopo wa serikali haujatoka. Watangulizwe watoto wa wajane na wa wanachama wasio na mshahara. Anayesomea stashahada ya ukulima ahesabiwe sawa na anayesomea shahada, maana baadhi yetu tumeanza kuidharau stashahada, nasi tumesahau ni watu wa stashahada waliokuja mashambani kwetu. Na kila anayesaidiwa aandike barua kwa Chama mwisho wa kila muhula, aeleze amesoma nini, barua ambayo nitaisoma hapa kwa sauti.

Wanaotaka fedha zihamie Mfuko wa Mazishi wana hoja nao, nami sitaki wadharauliwe. Mtu ni lazima azikwe kwa heshima. Naomba tu ikumbukwe kwamba Mfuko wa Mazishi una akiba, na hesabu ya Mweka Hazina iliyomo katika kitabu hiki itawaonyesha.

Jambo la mwisho. Halmashauri imekodi basi dogo Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao kwa ajili ya wazee wapendao kwenda Njoro, wakayaone mashamba ya mbegu na ng'ombe wa Chuo, na kuzungumza na watoto wetu walioko huko. Basi litaondoka mbele ya ukumbi huu saa mbili kamili asubuhi. Nauli imekwisha kulipwa. Kila mtu abebe kitambulisho chake, kwa kuwa kitaulizwa langoni. Kiti cha mbele, karibu na dereva, kimewekwa kwa ajili ya mzee wetu aliyeuliza swali. Majina naandikisha mimi, baada ya kura.